Kipimo cha Tatu Kutoka Dirishani

Ninyi vijana mnaovaa glovu asubuhi na kuwaita akina mama wajawazito waje kutobolewa kidole, haya nawaandikia ninyi. Sikusoma sana. Nilimaliza darasa la saba, basi, na Kiswahili changu ni cha mtu aliyeanza na Kihaya. Mkiona kosa la maandishi rekebisheni, lakini nilichosema msikirekebishe. Siku ya kuniaga mlinipa vitenge na sufuria, mkasoma karatasi inayosema nilikuwa mpole na mcheshi kwa miaka yote ya kazi. Sijawahi kuwa mpole. Aliyeandika ile karatasi hakufanya kazi na mimi hata zamu moja. Siku ile nilinyamaza kwa sababu kulikuwa na wageni. Sasa wageni wameondoka.

Nilianza kama mfagizi kwenye maabara moja hapa Bukoba mjini, kabla vipimo hivi vya haraka havijafika kwetu. Malaria ilitafutwa kwa hadubini, na mtu wa hadubini alikuwa Mzee Bashiru wa Rwamishenye. Babu yake alitoka pwani, yeye alizaliwa hapa, na Kihaya alikijua kuliko mapadri. Alikuwa mtu mkavu. Kofia yake nyeupe haikupata doa hata siku za kupaka rangi kwenye damu, wakati sisi wengine tulirudi nyumbani na vidole vya zambarau. Siku yangu ya kwanza nilikuta mezani vioo vinne vyenye damu iliyokauka, vimeachwa na mtu wa zamu ya jana, havijaandikwa kitu. Nikauliza niviweke wapi. Mzee Bashiru akavikusanya mwenyewe, akavitupa kwenye ndoo ya klorini, akanipa penseli.

"Damu isiyo na jina ni uchafu," akasema. "Jina kwanza, sindano baadaye."

Nikamwambia mimi ni mfagizi tu. Akasema ndiyo maana ananiambia mimi, waliosoma wamekwisha kumzoea, hawamsikii.

Alinifundisha mengi ambayo hayakuwa kazi ya mfagizi. Uache spiriti ikauke kabla ya kutoboa, la sivyo damu inatawanyika na mgonjwa anaungua bure. Utoboe pembeni ya ncha ya kidole, siyo katikati, kwa sababu mama huyu akitoka hapa anakwenda kumenya ndizi na atakulaani kila akishika kisu. Usikamue kidole kama unakamua ng'ombe. Haya yote bado ni kweli leo, hadubini ikiwepo isiwepo.

Baadaye nilipelekwa mafunzo mafupi, nikawa mhudumu wa afya, nikapangiwa zahanati moja ya Muleba, upande wa Kamachumu. Mbele ni kahawa, nyuma ni migomba, na mvua ikinyesha wiki mbili unawasikia mbu kabla hujawaona. Wakati huo hadubini hatukuwa nayo. Mjamzito akija na joto, anapewa dawa ya malaria. Akija na kichwa, anapewa. Akija na uchovu, tunamwambia ni mimba. Tulikuwa tunabahatisha, nami sioni aibu kulisema kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi yenyewe.

Kwa hiyo vipimo vya haraka vilipokuja nilivipenda. Tulikaa siku mbili kwenye ukumbi tukafundishwa. Fungua pakiti, tazama kama haijapitwa na tarehe, andika jina na saa juu ya kipimo, toboa, damu kitundu hiki, maji ya kipimo kitundu kile, kisha subiri dakika zilizoandikwa kwenye karatasi yake. Mstari mmoja kwenye C, hana. Miwili, anayo. C ikikosa mstari, hicho kipimo kimekufa, chukua kingine. Mtu wa la saba anaweza, na hata daktari anaweza, akitulia. Tukaambiwa kila mjamzito apimwe siku ya kwanza anapokuja kliniki, hata kama anacheka, kwa sababu mimba huibeba malaria kimyakimya huku damu ikiisha. Wa mimba ya kwanza ndio huumia zaidi.

Makosa nimeyaona ya kila namna. Nimeona nesi aliyeishiwa maji ya kipimo akatumia maji ya dripu, na asubuhi ile kijiji kizima kikawa na malaria, mpaka na mlinzi tuliyemjaribu naye. Nimeona mtu anaweka damu, anakwenda kunywa chai, anarudi wakati kipimo kimekauka, anasoma mstari uliojitokeza kwa kuchelewa kama anasoma magazeti. Hayo yalinikasirisha, tukagombana, yakaisha. La benchi halikuisha.

Siku ya kliniki kwetu ilikuwa Jumanne. Benchi letu lilikuwa refu, la mkaratusi, linaanzia chini ya dirisha la chumba cha vipimo na kuishia nje ya kivuli cha paa, kwenye jua. Linakaa akina mama tisa. Mganga mfawidhi wa wakati huo, yaani mkuu wa zahanati, jina lake analijua mwenyewe, alikuwa kijana mwenye haraka. Alisema kuandika majina juu ya vipimo kunapoteza muda. Akaweka utaratibu wake: mhudumu atoboe kwa kufuata benchi, kuanzia dirishani, na kila kipimo kilazwe kwenye trei iliyo kwenye kizingiti cha dirisha kwa mpangilio uleule. Muda ukitimia, mhudumu anasoma cha kwanza, anamtazama wa kwanza, anaandika kwenye kadi yake. Cha pili, wa pili. Alisema, "Mama, benchi lenyewe ndiyo orodha."

Na mimi niliyefundishwa na Mzee Bashiru nilikubali. Nataka mlisome hilo vizuri. Sikulazimishwa kwa fimbo. Niliona kweli tunamaliza mapema, nikafurahi kuwahi shambani.

Sasa Jumanne moja alikuja binti anaitwa Kokushubira, mimba ya kwanza, miezi kama mitano, ndiyo mara yake ya kwanza kliniki. Nikamtoboa wa tatu kutoka dirishani, mahali penye kivuli. Nilikuwa nimefika wa nane akatokea Ma Leokadia, mama mkwe wake. Naye alikuwa mjamzito. Kijiji kilikuwa kimecheka vya kutosha, mama mkwe na mkaza mwana kubeba mimba msimu mmoja, na yeye alikuwa ameona haya, ndiyo maana alichelewa makusudi ili wasikae pamoja. Akakaa mwisho wa benchi, kwenye jua, wa tisa. Nikamtoboa, nikalaza kipimo chake cha tisa kwenye trei, nikaingia ndani kuhesabu vidonge huku saa ikienda.

Ninyi mliozaliwa kwetu mnajua kilichofuata bila kuambiwa. Mkaza mwana hawezi kukaa kivulini mama mkwe wake akichomwa na jua. Kokushubira alisimama, akaenda mpaka mwisho wa benchi, akapiga magoti akamsalimia, akamwomba aende akae mahali pake. Ma Leokadia akakataa mara moja, kama inavyotakiwa, kisha akakubali. Akaja akakaa wa tatu. Binti akakaa wa tisa, kwenye jua. Kila aliyekuwa pale aliona adabu nzuri na hakuna aliyeona kitu kingine.

Nikatoka na kalamu. Kipimo cha tatu, mistari miwili. Nikamtazama wa tatu, nikachukua kadi iliyo mkononi mwake, nikaandika ana malaria. Mfawidhi akampa Ma Leokadia dawa mseto. Kipimo cha tisa, mstari mmoja. Kwenye kadi ya Kokushubira nikaandika hana. Tukampa vidonge vya damu, chandarua, na vile vidonge vitatu vya kinga anavyomeza mbele yetu, tukamwambia aende salama. Mkono ulioandika ni huu ninaoandika nao sasa.

Siku ya nne binti alirudi. Alitembea mwenyewe, lakini alikaa chini mara mbili kati ya barabara na mlango. Akasema anasikia baridi, na moyo unamwenda mbio. Mfawidhi hakumtazama macho wala viganja. Alitazama kadi. Akasema kadi inaonyesha huna malaria, mimba ya kwanza inachosha, nenda kanywe uji. Binti akanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye mtu mzima wa pale, ningeweza kusema apimwe tena. Nikamwambia avumilie, sote tumezaa.

Nimesema sijawahi kuwa mpole, na haya nayaandika kwa hasira. Msidhani ni hasira ya watu wengine tu.

Baada ya siku chache nyingine mumewe alimleta kwa pikipiki, amebanwa katikati ya mume na dereva asianguke. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama unga wa muhogo. Tukamlaza. Nikatoboa kidole, damu ikatoka nyepesi kama chai, na mstari wa pili ukatokea kabla sijaitua saa mezani. Mfawidhi akapiga simu ya gari la wagonjwa. Hapo ndipo Ma Leokadia akafika, ametembea kwa miguu nyuma ya pikipiki na tumbo lake. Akasimama mlangoni akitweta, akasema jambo ambalo alidhani ni dogo tu.

"Mbona mimi mlinipa dawa za malaria na sikuwa naumwa hata ukucha? Nimezimeza siku tatu. Si mngempa huyu?"

Nikamuuliza Jumanne ile alikaa wapi. Akasema karibu na dirisha. Nikamwambia hapana, nilikutobolea kwenye jua. Akasema ndiyo, kisha huyu mtoto akanipisha. Sikuwa nimemaliza kuelewa, binti mwenyewe akafungua macho pale kitandani.

"Nilimpisha mama, waitu," akasema, kwa neno letu la Kihaya la heshima. "Alikuwa kwenye jua. Ningekaaje?"

Ma Leokadia akajishika tumbo. Alikuwa ameelewa kabla ya mfawidhi: dawa alizomeza yeye zilikuwa za mkaza mwana wake.

Hospitali walimwongezea damu Kokushubira akapona. Mtoto hakupona. Alitoka amekwisha kufa, wa kike.

Wiki iliyofuata mfawidhi aliandika taarifa. Akaniita niisikilize na niitie sahihi. Aliandika kwa maneno mazuri kwamba mteja alibadilisha nafasi ya kukaa bila kumjulisha mtoa huduma. Mteja. Binti aliyempisha mama mkwe wake kivuli amekuwa mteja, na kosa limekuwa lake. Nikamwambia sitii sahihi. Akasema, Mama, ukweli si ndiyo huo, si alihama? Nikamwambia alihama, na angekuwa binti yangu akakosa kuhama ningemchapa. Kinachotakiwa kuandikwa ni kwamba hatukuandika jina.

"Unataka tufukuzwe kazi wote wawili?" akaniuliza.

"Nataka uandike."

Hakuandika. Basi nikaandika mimi, kwa penseli, herufi kubwa zote kwa sababu ndizo ninazoziamini, ukurasa mmoja, na jina langu nikaliweka la kwanza kwenye wenye makosa. Nikaipeleka mwenyewe wilayani. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki tangu asubuhi mpaka saa nane. Aliyekuwa ofisini aliisoma akaniuliza nani amenisaidia kuandika, nikamjibu kama angenisaidia mtu ingekuwa na mwandiko mzuri. Siku moja watu wakaja kwetu, wakapima urefu wa benchi, wakanywa chai, wakaondoka. Mimi nilipewa barua ya onyo, na nilistahili. Mfawidhi alihamishiwa mahali pengine, nako nadhani kuna mabenchi.

Nilikwenda nyumbani kwa Kokushubira kabla barua haijatoka. Alikuwa amekaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba, anachambua maharage, amekonda. Alipoona nakuja alitaka kusimama, nikamkataza. Nilikuwa nimepanga maneno yangu njia nzima. Yeye akanitangulia. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama ni kweli alifanya kosa kusimama siku ile, kwa maana watu wamemwambia angebaki pale alipotobolewa mwanawe angekuwa hai.

Vijana, nimeona watu wakifa mikononi mwangu. Hakuna kilichonichoma kama lile swali. Tulimwua mtoto wake kwa uvivu wa kuandika neno moja, kisha tukamwachia afikiri kilichomuua ni adabu aliyofundishwa na mama yake.

Nikamwita mumewe na Ma Leokadia wakae. Nikasema mbele yao, kwa Kihaya, asije mtu akasema hakuelewa: "Hukukosa. Mimi ndiye niliyekosa, na aliyeweka ule utaratibu. Mtu akikuambia ni wewe, mlete kwangu." Hakulia. Aliendelea kuchambua maharage, lakini polepole. Ma Leokadia ndiye aliyelia. Alijifungua salama baada ya miezi miwili, na kliniki ya chanjo mtoto wake aliletwa amebebwa na Kokushubira, kwa kuwa mama mkwe mgongo ulimuuma. Nilimchanja yule mtoto bila kuinua macho.

Tangu Jumanne iliyofuata sikugusa kipimo bila kalamu. Jina la mama, jina la baba yake, na saa. Wenzangu wakaniita Karani. Mfawidhi mpya akanikuta naandika akauliza kama ni wosia. Nikamwambia ndiyo, lakini siyo wangu. Hata yeye akaacha utani, kwa sababu nilikuwa namsomea kila mama: hili ni jina lako, liangalie, na asiyejua kusoma nilimwonyesha herufi ya kwanza. Foleni haikurefuka. Naapa haikurefuka. Yule mfawidhi wa kwanza alikuwa anaokoa muda wa kumeza mate.

Jambo jingine nililojifunza kwa gharama ya mtu mwingine ni hili. Hata kipimo chenye jina, kikisema hana na mama anatetemeka mbele yako, mwamini mama kwanza. Malaria ya mimba hujificha kwenye kondo la nyuma, kidole kikatoka safi. Mtazame macho, mtazame viganja, mpime wekundu wa damu, mpime tena, mtafutie mwenye hadubini. Mkishindwa, mpeni rufaa. Kadi haina homa. Mama ndiye mwenye homa.

Sasa nipo Kahororo, kwa mwanangu Frolian, nalea migomba michache na kugombana na kuku. Nilidhani nimemaliza. Mwezi uliopita mke wake, Editha, mwenye mimba ya kwanza, alitoka kliniki yake ya kwanza saa sita mchana. Sitaitaja ni wapi. Tukaketi kula ndizi na maharage. Nikamuuliza majibu. Akasema hana malaria, kadi hii hapa. Nikaona hakuwa anakula, alikuwa anazizungusha ndizi kwenye sahani, na kitenge amejifunika mpaka shingoni wakati jua linawaka. Nikamshika kiganja nikakifungua. Sikukipenda.

Nikamuuliza kama aliliona jina lake kwenye kipimo. Akasema hakuona jina, vilikuwa vimepangwa kwenye trei vingi tu. Nikamuuliza kama alibaki alipotobolewa. Akasema hapana, kulikuwa kunapigwa deki, wakaambiwa wahamie upande wa pili, kila mtu akakaa alipopata, yeye akampisha mama mmoja mwenye mapacha.

Niliweka kijiko chini. Miaka yote ile, onyo lote lile, mafunzo na soda na picha za ukutani, na bado watu wanapanga damu za wanawake kama sahani za kuanika. Ninyi. Ni ninyi ninaowaambia. Siyo yule mfawidhi.

Nikamwambia Frolian atoe pikipiki. Akasema chakula kwanza, Mama, na tena tukirudi pale watasema tunawafundisha kazi.

"Waambie ndiyo, mnawafundisha, na aliyewatuma ni mimi," nikamwambia. "Mrudishe mkeo sasa hivi apimwe tena. Na wewe Editha, ukishatobolewa usinyanyuke hapo, hata nikiingia mimi, mpaka usome jina lako juu ya kipimo chako."